Leso, kibebeo au kigari: tumbebe vipi mtoto Lamu?

Arubaini ikiisha, mlango hufunguliwa. Siku zote hizo mzazi amekaa ndani, amekandwa maji moto, amenyweshwa uji wa pilipili manga, na mtoto amezunguka mikononi mwa bibi, shangazi na mama wadogo bila kukosa wa kumpakata. Kisha wiki ya sita inaingia, chanjo inangoja kliniki, na unajikuta umesimama dakani peke yako: mtoto mikononi, mkoba wa nepi begani, kijitabu cha kliniki kwapani, na mbele yako kichochoro, ngazi mbili tatu, mfereji wa maji na punda wanne waliobebeshwa mchanga. Hapo ndipo mama wengi wananiuliza: nimbebe na nini?

Wananiuliza kwa sababu wanangu watatu nimewalea kwa njia tatu. Wa kwanza nilimweleka kwa leso, kama nilivyoelekwa mimi. Wa pili aliletewa na wifi yangu kibebeo cha mikanda kutoka Mombasa. Wa tatu alizaliwa tulipokuwa tukiishi Malindi. Huko tulipata kigari kilichokwisha kutumika, tukarudi nacho Lamu. Kila kimoja kilinisaidia mahali fulani, na kila kimoja kilinishinda mahali pengine.

Maneno ya watu yapo. Wapo wanaoiona leso kuwa mambo ya kale, na wapo wanaomwona mwenye kigari kuwa anaringa. Maneno yote mawili yanamhusu mama anavyoonekana, na mtoto aliyefungwa pale hayamfikii kwa lolote. Hebu tuyaweke kando.

Tunapima nini

Cha kwanza, na kikubwa kuliko vyote, ni pumzi: je, mtoto anapumua bila kizuizi, na wewe unamwona akipumua? Cha pili ni nyonga na mgongo wake. Cha tatu ni joto. Cha nne ni njia unazopita na vyombo unavyopanda. Cha tano ni mwili wa anayebeba. Cha sita ni kukua kwake: anaona nini, anasikia nini, anapata nafasi ya kujinyoosha? Pesa nimeiweka mwisho kwa sababu katika jambo hili kilicho rahisi si duni, na cha ghali hakina uhakika wa kuwa salama.

Vyenyewe ni hivi

Leso wote tunaijua. Inauzwa doti, vipande viwili, kila kipande kina kama mita moja na nusu kwa urefu na mita moja na ushei kwa upana. Kitambaa kinachombeba mtoto huitwa mbeleko, kutokana na kueleka, na heshima yake ni kubwa kiasi kwamba katika ndoa zetu mama wa bibi arusi hupewa zawadi inayoitwa mbeleko, kumshukuru kwa mgongo wake. Kwa kawaida leso hupitishwa juu ya bega moja na chini ya kwapa la upande wa pili, ikafungwa fundo kifuani.

Kibebeo ni mfuko wa kitambaa wenye mikanda miwili ya mabegani na mmoja wa kiunoni, unaofungwa kwa klipu. Anayekwambia ni kitu cha kizungu, mweleze kilikotoka. Miaka ya 1960 muuguzi wa Marekani, Ann Moore, alikuwa Togo akifanya kazi ya kujitolea. Aliwaona akina mama wa huko wakiwabeba watoto mgongoni kwa kitambaa, watoto wametulia. Aliporudi kwao na kupata mtoto wake, alijaribu kufunga kama wao, kitambaa kikawa kinateleza. Mamake akamshonea mfuko wenye mikanda. Mfuko huo walioupa jina Snugli ndio uliofungua njia ya vibebeo vingi vya leo. Kwa hiyo leso na kibebeo ni ndugu.

Kigari ni kiti au kitanda kidogo chenye magurudumu. Angalia kwa makini ni kipi kati ya hivyo viwili, kwa sababu tofauti yake ni kubwa, kama utakavyoona.

Pumzi

Hapa nitakaa kidogo.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kuliko nguvu ya shingo yake, na njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Kidevu kikimwangukia kifuani na kikabaki hapo, njia ile hujikunja, hewa ikapungua. Halii. Hakohoi. Hana nguvu ya kuinua kichwa ajiokoe, na mtu akimtazama kwa juu juu atadhani amelala usingizi mtamu. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika miezi minne ya kwanza, na zaidi tena kwa aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye uzito mdogo, au mwenye mafua.

Alama za usalama ni zile zile, umbebe na chochote. Uso wake unauona wakati wote. Kati ya kidevu na kifua chake vidole vyako viwili vinapita. Ukimbeba mbele, ukiinama kidogo tu unaweza kumbusu kichwani. Kitambaa kimembana vya kutosha asiporomoke, na pua yake haikugandamizwa kwenye kifua chako. Na wewe unayevaa ushungi au mtandio mrefu, nakuomba hili kwa dhati: usimfunike uso. Tunafunika kwa sababu ya jua, vumbi na macho ya watu, na nia ni njema, lakini chini ya kile kitambaa huwezi kujua kinachoendelea.

Leso ikifungwa mbele au ubavuni inatimiza yote hayo. Ikifungwa mgongoni, mtoto humwoni. Mama zetu walilitatua hilo kwa kuwa hawakuwa peke yao, daima kulikuwa na wa kutembea nyuma, wa kusema “kichwa kimeanguka, kiweke sawa.” Mamangu aliponiona namweleka mwanangu wa kwanza mbele alishangaa: “Mwanangu, nyinyi nyote watano mlipanda mgongoni kabla ya miezi mitatu.” Ni kweli, na sikubishana naye. Lakini yeye alikuwa na wifi zake watatu ndani ya nyumba moja, nami natembea peke yangu hadi kliniki. Rai yangu: mgongoni asubiri hadi shingo ikaze, kiasi cha miezi minne. Kabla ya hapo, mbele.

Kibebeo kikivaliwa sawasawa kinamweka mtoto juu kifuani, na hilo ni jema. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mikanda kulegezwa hadi mtoto ananing'inia tumboni, amejikunja kama kamba (namaanisha wale wa baharini). Soma pia kilo zilizoandikwa kwenye lebo. Vingi huanzia kilo 3 na ushei, na aliye chini ya hapo humo ndani hana wa kumshikilia. Kumgeuza atazame nje kunamfurahisha, lakini asubiri mpaka shingo na kiwiliwili viwe imara, karibu na nusu mwaka, na akisinzia mgeuze atazame kwako.

Kigari watu hudhani hakina shida hii. Kinayo. Mtoto mchanga anatakiwa alazwe chali, bapa kabisa. Vigari vingi vinavyofika kwetu kama mitumba ni viti, si vitanda, navyo vimetengenezwa kwa aliyekwisha kukaa kitako. Ukimtia mchanga kwenye kiti kilichoegemezwa nusu, kichwa kitamwangukia mbele vile vile. Kama mgongo wa kigari haushuki hadi bapa, kiweke kando mpaka mtoto afike mwezi wa sita. Mito haitengenezi kasoro hiyo, inaongeza nyingine.

Nyonga na mgongo

Hapa leso ina sifa kubwa. Sehemu ya nyonga ya mtoto mchanga bado ni gegedu laini, na kichwa cha fupa la paja kinahitaji kukaa vizuri ndani ya kikombe chake ili kikombe kikue kwa umbo sahihi. Mkao mzuri ni ule wa chura: mapaja yamepanuka, magoti yako juu kidogo kuliko makalio. Mtoto aliyeelekwa hukaa hivyo bila kufundishwa, na madaktari wa mifupa wameona kwa muda mrefu kwamba tatizo la nyonga kutoka mahali pake ni nadra katika jamii za Afrika zinazobeba watoto mgongoni. Sharti ni moja tu: leso ishike kutoka goti hadi goti, na juu ifike shingoni.

Kibebeo kinafanya hivyo hivyo kikiwa na kikalio kipana. Kile chembamba kinachoacha miguu ikining'inia wima hakimvunji mtoto, lakini kwa kubeba muda mrefu chagua kipana. Kigari hakiharibu nyonga wala hakizisaidii.

Kuna desturi moja ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vyombo vyote vitatu: kumnyoosha mtoto miguu na kumfunga imebana ili “isipinde.” Miguu ya mtoto huzaliwa imejikunja, nayo hunyooka yenyewe kadiri anavyokua. Ukimfunga kitambaa alale, mwachie nafasi ya kupanua mapaja.

Joto

Mwezi wa pili na wa tatu, kaskazi ikiwa imekaribia kukata na kusi haijaanza, Lamu haina upepo wa kutosha hata wa kutikisa pazia. Miili miwili iliyofungwa pamoja hujipasha moto, na mtoto mchanga hajui kujipoza kama sisi. Leso ya pamba halisi inapitisha hewa, na ni safu moja tu. Angalia ulichonunua, kwa sababu leso nyingi siku hizi zimechanganywa na nailoni na hukaa kama plastiki mgongoni. Kibebeo ndicho chenye joto zaidi, kwa kuwa kina safu kadhaa na sifongo mikandani. Ukikinunua kwa matumizi ya huku, tafuta chenye wavu kifuani, na mvalishe mtoto fulana na nepi tu.

Kigari kinapitisha hewa pande zote, mpaka tutakapokifunika. Nimewaona wengi, nami nilifanya, nikitandaza leso juu ya kigari ili mtoto alale asipigwe na jua. Ndani yake hewa inakwama na joto hupanda haraka kuliko unavyofikiri, hata kitambaa kikiwa chepesi. Tumia kofia ya kigari, tembea upande wa kivuli, uahirishe safari hadi alasiri. Vichochoro vyetu vina kivuli karibu siku nzima. Waliojenga kuta zile ndefu walijua walichokuwa wakifanya.

Kujua kama amepata joto, mguse shingo kwa nyuma au mgongo. Mikono na miguu hudanganya. Akiwa na joto mpoze, mnyonyeshe mara nyingi. Aliye chini ya miezi sita hahitaji maji hata kaskazi ikiwa kali vipi. Ya kumtosha yamo ndani ya maziwa.

Njia na vyombo

Mji wetu haukujengwa kwa magurudumu. Umetambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tangu 2001, na vichochoro vyake vimebaki kama vilivyokuwa: mahali pengine watu wawili hupishana kwa ubavu. Ukipita Usita wa Mui kutoka Langoni kwenda Mkomani na kigari, kila hatua ishirini kuna jambo. Mfereji. Ngazi. Mkokoteni wa maji. Kisha unasikia “simile!” nyuma yako na punda wamekwisha kufika. Mwenye mtoto mwilini hujibanza ukutani au hupanda kwenye baraza ya mtu. Mwenye kigari hana pa kukitia. Siku moja ilinibidi nimtoe mtoto, nimkumbatie, na kigari nikaacha kisukumwe na mizigo ya punda hadi kikalala chali. Mtoto alikuwa salama mikononi, ila magoti yangu yalitetemeka hadi nyumbani.

Na ngazi za ndani! Nyumba zetu za zamani ngazi ni nyembamba, zimesimama, nyingine hazina pa kushika. Kupanda na kigari na mtoto pamoja usijaribu kamwe. Mtoto kwanza, kigari baadaye, au kigari kilale chini.

Hata hivyo kigari kina mahali pake. Barabara ya pwani mbele ya mji inapitika vizuri asubuhi mapema na jioni. Mokowe, ng'ambo ya pili barani, kuna lami. Malindi, pale tulipokaa, nilikisukuma hadi sokoni na kurudi na matunda chini ya kiti, na nilipochoka nilikikunja nikaingia tuktuk. Shela, ukiacha gati, ni mchanga, na magurudumu madogo huzama. Popote ulipo, usitundike mifuko kwenye mpini, maana mtoto ukimtoa au akijirusha nyuma, kigari chote hupinduka. Na ukisimama karibu na ukingo wa bahari, tia breki na uelekeze kigari ubavu kwa maji.

Sasa boti, maana kwetu hiyo ndiyo gari. Usipande ukiwa umemfunga mtoto, si kwa leso wala kwa kibebeo. Chombo kikipinduka, aliyefungwa mwilini mwako huzama nawe, na fundo lililolowa halifunguki kwa haraka. Pale gatini, hasa maji yakiwa yamekupwa na ngazi zina utelezi wa mwani, mpe mtu mzima aliyekwisha ingia na kuketi, ushuke, umpokee. Mpakate. Jaketi la kuokolea uvae wewe, na yeye awe na la kwake la kipimo chake. La mtu mzima humtoka kichwani. Kama mnasafiri mara nyingi kwenda Mokowe, kumnunulia la kwake kuna maana kuliko kigari.

Bodaboda sitaiwekea njia. Hakuna kati ya hivi vitatu kinachomkinga mtoto mchanga juu ya pikipiki.

Na jikoni: ukiwa unakaanga mahamri au unaipua chungu, mtoto asiwe kifuani wala mgongoni. Mafuta yakiruka, yanamfikia yeye kwanza, na moshi wa kuni anauvuta pamoja nawe. Mpe mtu, au mlaze mahali unapomwona.

Mwili wa anayebeba

Aliyejifungua kwa upasuaji asifunge mkanda wa kiunoni juu ya kidonda. Leso inayopita begani haigusi huko chini, ndiyo maana kwa wiki za mwanzo inafaa zaidi, ukifungiwa na mtu na ukibeba kwa muda mfupi. Kigari pia humpumzisha, mradi mwingine ndiye anayekiinua. Kibebeo kingoje mpaka muuguzi aseme kidonda kimepona.

Leso inaweka uzito bega moja, na mtoto akifika kilo nane bega hilo litakwambia. Badilisha bega kila mara. Kibebeo kinagawa uzito mabegani na nyongani, na kwa mwenye kuumwa mgongo tofauti anaisikia siku hiyo hiyo. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalijui ila sisi tunalijua: buibui la kitambaa laini huteleza. Leso ukiifunga juu yake hushuka kidogo kidogo bila wewe kuhisi. Funga leso kwanza, kisha vaa buibui la mbele wazi, au vaa la pamba.

Akina baba wengi huona haya kwa leso, kumbe mikanda huivaa bila neno. Mume wangu ni mmoja wao. Sikumshurutisha, nililotaka ni mtoto azoee kifua cha baba yake na mimi nipate saa moja ya kulala, nikapata yote mawili.

Kukua kwake

Mwaka 1986 watafiti wawili waliokuwa Canada, Hunziker na Barr, waliwaomba wazazi wawabebe watoto wao muda wa ziada kila siku, hata wasipokuwa wanalia. Katika wiki ya sita, ambayo ndiyo kilele cha kilio cha mtoto, waliobebwa zaidi walilia kwa asilimia 43 chini ya wenzao. Bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa, lakini mama kijana anayeshutumiwa kuwa “unamdekeza” anahitaji kulisikia. Mtoto wa miezi miwili hadekezwi na kifua.

Leso na kibebeo vinampa mapigo ya moyo, sauti inayozungumza, nyuso anazokutana nazo kwa kimo cha watu wazima. Anayebebwa husikia salamu zote za njiani. Kigari kinampa kitu kingine: nafasi ya kurusha miguu na mikono, na macho yake mwenyewe. Kinachotazama kwa mama ni bora kwa mdogo, kwani anakuona unapomsemesha. Kinachotazama mbele kinamtaka mama akumbuke kuinama kila mara na kumwambia: yule paka, lile jahazi.

Lakini vyote vitatu vina mpaka mmoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, na mifano iliyotajwa ni kigari na mgongo wa mlezi, vyote kwa jina. Asiyetambaa bado alazwe kifudifudi akiwa macho, kwa vipindi, jumla nusu saa au zaidi kwa siku. Mkeka safi sakafuni unatosha. Hapo ndipo shingo inapokazia, si mgongoni.

Pesa

Leso unayo tayari. Kibebeo kizuri ni bei ya doti kadhaa, cha mitumba chini ya hapo. Kagua mishono na klipu moja moja, vuta kwa nguvu. Kigari ni ghali zaidi kukipata na zaidi kukitunza, kwa sababu chumvi ya bahari hula chuma, na gurudumu likivunjika huku hupati jingine. Kilichotumika kijaribu breki, kifungo cha kukunja, na mikanda mitano: mabegani miwili, kiunoni miwili, na wa katikati ya miguu.

Kwa hali yako

Ukiwa ndani ya Mji wa Kale, ghorofani, na unatoka kwa miguu tu, anza na leso mbele, na ukipenda ongeza kibebeo akifika miezi mitatu au minne. Kigari kitakuwa kabati la nguo.

Ukiishi Malindi, Mokowe au mahali penye njia pana, na una safari ndefu za sokoni, kigari kinachoshuka bapa kitakupa nafuu kubwa, hasa ukiwa na mkubwa wa miaka miwili anayetaka mkono wako. Weka leso ndani yake kwa siku atakayokataa kukaa.

Kama unarudi kazini na unavuka kwa boti kila siku pamoja na mtoto, kibebeo cha klipu kinafunguka kwa haraka kabla ya kupanda na kufungika upya ukishashuka. Jizoeze nyumbani hadi uweze kwa mkono mmoja.

Aliyezaliwa kabla ya wakati au na uzito chini ya kilo mbili na nusu ana mambo yake. Huyo anahitaji ngozi kwa ngozi, ile njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978: uchi isipokuwa nepi na kofia, kifuani mwa mama, kichwa kimegeuzwa upande, kitambaa kimewazunguka wote wawili. Leso inaifanya kazi hiyo vizuri, lakini ufungiwe mara ya kwanza na muuguzi wa wodi, akuoneshe kipimo. Kibebeo na kigari vingoje.

Mwenye kuumwa mgongo, au mwenye mtoto aliyepita kilo nane, kibebeo chenye mkanda mpana wa kiunoni kitamsaidia kuliko leso. Mwenye kidonda cha upasuaji, kinyume chake.

Na kama anayekaa na mtoto mchana ni bibi yake, mpelekee yeye swali hili kabla ya kununua chochote. Vidole vyake vinaweza kukaza klipu? Anaona vizuri kidevu cha mtoto bila miwani? Bega lake linaumwa? Mkae pamoja kitandani, afunge na kufungua mara tatu mbele yako, mtoto akiwa karibu na godoro. Atakachokifunga bila kuhangaika ndicho cha kumwachia, na wewe ukirudi jioni utatumia chako.